Kompyuta na Msimamizi Wake: Windows, Macintosh na Linux

Somo la historia, kama lilivyosomwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima ya Murungu, nchi ya juu ya Kibondo na Kasulu

Kiongozi wa kikundi, kabla hatujaanza, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kompyuta, programu, mfumo endeshi. Wenye madaftari wayanakili. Yasomeni pamoja kwa sauti, mara mbili. Vizuri. Sasa tuendelee.

Katika miji ya Kibondo na Kasulu, na hata katika senta ndogo za vijijini, siku hizi kuna vyumba vyenye kompyuta. Watu huenda huko kupiga chapa barua, kutoa nakala za vyeti, au kujaza fomu ya mtoto anayeomba kazi au mkopo wa masomo. Mara nyingine mzazi huambiwa, "Mama, faili hili halifunguki hapa, lilitengenezwa kwa kompyuta ya namna nyingine." Au huambiwa, "Mzee, mashine hii imepitwa na wakati, haikubali tena." Mzazi hulipa, kisha hurudi nyumbani bila kujua ni kitu gani kilichomzuia. Mashine imesimama pale pale, taa yake inawaka, wala haikuvunjika. Imekuwaje basi?

Jibu lake liko katika neno letu la tatu, mfumo endeshi. Leo tutasoma maana yake, historia yake katika dunia na katika nchi yetu, na namna ya kulinganisha mifumo mitatu inayojulikana zaidi.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Kila mtu wa nchi yetu hii ya juu anajua gulio. Siku ya gulio huja mwenye maharage, mwenye mihogo, mwenye mawese, mwenye dagaa wa ziwani na mwenye chumvi ya Uvinza. Kila mmoja ana kazi yake. Lakini wote wakija pamoja, nani apange nani akae wapi? Nani azuie mwenye mbuzi asiwaachie mbuzi wake wale mboga za jirani? Ni msimamizi wa gulio. Yeye hauzi maharage wala hauzi chumvi. Kazi yake ni kugawa nafasi, kupanga zamu na kutunza amani.

Sasa angalieni kompyuta. Ndani yake kuna programu nyingi. Programu moja ni ya kuandika barua, nyingine ni ya hesabu, nyingine ni ya kutazama picha. Kila programu inataka nafasi katika kumbukumbu ya mashine, inataka zamu ya kufanya kazi, na inataka kutumia kioo na printa. Msimamizi wao ndiye mfumo endeshi. Ukiwasha kompyuta, yeye huamka kabla ya programu zote. Ukizima, yeye hulala wa mwisho. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kama uwanja wa gulio uliojaa watu wasio na msimamizi. Vitu vyote vipo, lakini biashara haiendi.

Kwa nini basi faili au programu ya kompyuta moja hukataa katika nyingine? Hapo natoa mfano wa reli. Watu wa Kigoma tunaijua Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000. Baadaye ikajengwa reli ya TAZARA ya kwenda Zambia, kazi iliyofanywa kati ya mwaka 1970 na 1975. Upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa kiganja cha mkono. Lakini kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo, behewa la kawaida la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, ilibidi kujenga kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la reli nyingine.

Mifumo endeshi ni kama reli hizo. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows ni behewa la Windows. Kwenye Linux haipiti, mpaka ifanyiwe kazi ya kuihamisha. Wala haina maana kwamba reli moja ni mbaya na nyingine ni nzuri. Zilijengwa na watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, kwa shabaha mbalimbali.

MWANZO WA MIFUMO YA KOMPYUTA NDOGO

Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa, zikijaza chumba kizima, na mwenye nazo alikuwa serikali, jeshi, chuo kikuu au kampuni kubwa. Katika miaka ya 1970 mafundi wa Marekani walianza kutengeneza kompyuta ndogo ambayo mtu mmoja aweza kuwa nayo mezani. Mwaka 1974 bwana mmoja wa California, jina lake Gary Kildall, alitunga mfumo endeshi wa kompyuta hizo ndogo, akauita CP/M. Uzuri wake ulikuwa huu: uliweza kutumika katika mashine za watengenezaji mbalimbali.

Mwaka 1981 kampuni kubwa ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani. IBM ilikuwa na haraka, ikataka mfumo endeshi kutoka kwa kampuni changa iitwayo Microsoft, iliyoanzishwa na Bill Gates na Paul Allen mwaka 1975. Microsoft haikuwa na mfumo uliokuwa tayari. Ikanunua mfumo uliotungwa na fundi Tim Paterson katika kampuni ndogo ya Seattle, ikautengeneza, ikaupa jina MS-DOS.

Hapa sikilizeni kwa makini, maana jambo hili ndilo lililoamua mengi. Microsoft ilipatana na IBM, lakini ilibakiza haki ya kuuza mfumo ule ule kwa watengenezaji wengine. Muda si muda viwanda vingi vilianza kutengeneza mashine zinazofanana na ile ya IBM, na vyote vilihitaji MS-DOS. Kila mashine iliyouzwa iliiletea Microsoft fedha, hata ikiwa imetengenezwa na nani.

MS-DOS haikuwa na picha. Kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi tu. Mtu alipaswa kukariri maneno ya amri, yote yakiwa ya Kiingereza kilichokatwakatwa. Ukitaka kuona orodha ya mafaili, waandika DIR. Ukikosea herufi moja, mashine hukataa. Tena kwa kawaida ilifanya programu moja tu kwa wakati mmoja.

NCHI YETU MIAKA ILE

Wakati hayo yakitendeka Marekani, sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini, kwa kazi za hesabu za Serikali. Ilikuwa mashine kubwa ya namna ya zamani. Mashine nyingine zikafuata. Lakini mambo hayakwenda kama ilivyotazamiwa. Gharama zilikuwa kubwa, hesabu zilivurugika, na mashine pamoja na vipuri vyake na mafundi wake vilitoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Mwaka 1974 Serikali ilitoa amri ya kuzuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini, isipokuwa kwa ruhusa maalumu.

Kumbukeni miaka hiyo ilikuwa miaka gani. Katika mkoa wetu, Operesheni Kigoma ya kuhamia vijijini ilikuwa imeanza mwaka 1972. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 redio ilikuwa ikitangaza masomo ya "Mtu ni Afya", na watu wakikaa katika vikundi kama ninyi mlivyokaa sasa. Redio ilionekana ni chombo cha wananchi, kwa sababu iliwafikia wengi kwa bei ndogo na kwa Kiswahili. Kompyuta ilionekana ni chombo cha anasa, cha wachache, cha lugha ya kigeni. Ndivyo walivyopima viongozi wa wakati ule. Tukitaka kuwa waadilifu, tuseme kwamba maswali waliyouliza yalikuwa mazuri: Nani atalipa? Nani atatengeneza ikiharibika? Nani atafaidika?

Lakini kila uamuzi una matokeo yake. Amri ile ililegezwa katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaondolewa. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Hivyo miaka ambayo kompyuta ndogo zilizaliwa na kukua, na mifumo mingi ilipokuwa ikishindana, wengi wetu hatukuwamo. Tulipofungua mlango, mashindano yalikuwa yamekwisha kupata mshindi. Tukampokea yule tuliyemkuta mlangoni. Na nani tuliyemkuta? Sasa tutamwona.

PICHA NA KIPANYA

Mwaka 1973 wataalamu wa kampuni ya Xerox, huko Palo Alto, California, walitengeneza kompyuta ya kujaribia iliyoonyesha picha katika kioo, na kidude cha kusukuma kwa mkono juu ya meza. Kidude hicho twakiita kipanya. Xerox yenyewe haikufaidika sana. Aliyelipeleka jambo hilo kwa watu wa kawaida ni kampuni ya Apple, iliyotoa kompyuta ya Macintosh mwezi wa Januari 1984. Katika Macintosh mtu hakukariri amri. Aliona picha ndogo ya karatasi, akaigusa kwa kipanya, barua ikafunguka. Mtu asiyekuwa fundi aliweza kujifunza kwa siku chache.

Tatizo lilikuwa bei. Macintosh ya kwanza iliuzwa dola 2,495. Tena Apple ilishika njia ya kutengeneza mashine na mfumo pamoja, na kwa kawaida hairuhusu mfumo wake kuwekwa katika mashine ya kiwanda kingine. Anayetaka mfumo wa Apple hununua mashine ya Apple. Ni kama mtu mwenye reli yake, mabehewa yake na vituo vyake. Safari huwa ya utulivu, kwa sababu kila kitu kimepimwa na fundi mmoja. Lakini nauli ni yake kuipanga.

Microsoft nayo iliona kwamba picha ndiyo njia ya mbele. Mwaka 1985 ilitoa Windows ya kwanza, iliyokaa juu ya MS-DOS. Haikupendwa sana. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ndiyo iliyoanza kupendwa, na Windows 95 ya mwaka 1995 ikaenea dunia nzima. Kwa kuwa viwanda vingi viliweza kuiweka katika mashine zao, mashine za Windows zilikuwa nyingi na za bei mbalimbali, ghali na rahisi, mpya na za mtumba.

Basi huyo ndiye tuliyemkuta mlangoni. Ofisi zetu, mabenki yetu na mashirika yalipoanza kununua kompyuta kwa wingi katika miaka ya 1990, Windows ilikuwa imekwisha kutawala. Vyuo vya mitaani vikafundisha Windows. Matangazo ya kazi yakataka mtu ajuaye Windows. Mafundi wakajifunza kutengeneza Windows. Watu wengi wakafikiri kwamba Windows na kompyuta ni kitu kimoja, kama mtu aliyeona reli moja tu maisha yake yote.

MWANAFUNZI WA HELSINKI

Lakini kulikuwa na njia ya tatu. Mizizi yake ni mfumo wa Unix, uliotungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Unix ulitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wengi kutumia mashine moja, kila mtu na eneo lake, asiweze kuharibu la mwenzake.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kutunga mfumo unaofanana na Unix, ila wenye uhuru. Maana ya uhuru huo ni kwamba kila mtu aruhusiwe kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadili na kumpa jirani. Sehemu nyingi zilitengenezwa, lakini kiini chake kilikuwa bado hakijakamilika. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitunga kiini kama hicho, akawaonyesha wengine kwa njia ya mtandao na kuomba maoni yao. Kiini hicho kikaitwa Linux. Watu wa nchi nyingi wakaanza kusaidia, huyu akirekebisha kosa hili, yule akiongeza sehemu ile. Sisi wa vijijini kazi ya namna hiyo tunaijua. Ni kama kujenga barabara ya kijiji kwa kujitolea: kila mtu na jembe lake, na barabara ikiisha ni ya wote.

Kutokana na Linux yakatoka matoleo mengi. Moja linalojulikana sana ni Ubuntu, lililoanza mwezi wa Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Watu wasemao Kiha hawahitaji mkalimani kwa jina hili, maana sisi wenyewe husema umuntu na abantu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, waliotoa Ubuntu walikuwa wakituma diski zake kwa posta, bila malipo, kwa mtu aliyeomba.

Kwa nini basi Linux haikuenea kwetu kama Windows? Sababu ni tatu. Kwanza, ilikuja baadaye, wakati mafundi na walimu walikuwa wamekwisha kuzoea Windows. Pili, Linux hutegemea sana intaneti kwa kupata nyongeza na msaada, na intaneti yetu ilikuwa ghali na ya polepole kwa kuwa ilipitia setilaiti. Waya mkubwa wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Tatu, nakala za Windows zisizolipiwa zilienea madukani, hata watu wakaiona Windows nayo kuwa ni ya bure. Haikuwa ya bure. Ilikuwa imechukuliwa bila ruhusa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu kama inavyolinda vitabu.

KISWAHILI CHAINGIA NDANI YA KOMPYUTA

Mwaka 2004 ni mwaka wa kukumbukwa na kila mpenzi wa Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kazi iliyoitwa Kilinux, yaani Linux ya Kiswahili, iliyofanywa pamoja na wataalamu kutoka Sweden. Mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kufanya hesabu, yenye maneno ya Kiswahili katika kioo. Iliweza kutumika katika Linux na katika Windows pia.

Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatoa Windows na programu zake za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilifanywa kwa kushirikiana na wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki. Kiswahili chake kilikuja kama vazi linalovikwa juu ya Windows ya Kiingereza. Sehemu zinazotumika sana zilifasiriwa, na nyingine zikabaki katika Kiingereza.

Angalieni tofauti ya njia hizi mbili. Katika njia ya kwanza, watu wa Dar es Salaam hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Programu ilikuwa wazi, wakaingia, wakafasiri. Kama neno halikuwapendeza, waliweza kulibadili wenyewe. Katika njia ya pili, kampuni ndiyo iliyoamua kwamba Kiswahili kina wasemaji wa kutosha, ikatenga fedha, ikafanya. Njia ya pili ina nguvu ya fedha. Njia ya kwanza ina mlango ambao hata lugha yenye wasemaji wachache, kama Kiha, yaweza kuingia siku wenyewe wakiwa na nia na wasomi wa kuifanya kazi hiyo.

Na maneno je? Wataalamu walibishana sana. Wengine walitaka kompyuta iitwe ngamizi, wengine tarakilishi. Tarakilishi limependwa zaidi Kenya. Kwetu watu wengi wamebaki na kompyuta. Lakini maneno kama kipanya, barua pepe na mfumo endeshi yameingia vinywani.

TUILINGANISHE MIFUMO MITATU

Sasa tufanye kama mnunuzi mwenye busara gulioni. Hanunui kwa rangi ya gunia. Hufungua, akashika mkononi, akauliza bei. Tuulize maswali manne.

Swali la kwanza: Bei yake ni nini? Windows ni ya kulipiwa, na mara nyingi bei yake imefichwa ndani ya bei ya mashine mpya. Mfumo wa Macintosh hauuzwi peke yake siku hizi, huja na mashine ya Apple, na mashine hizo ni ghali. Linux kwa kawaida haina malipo. Lakini msidanganyike, ndugu zangu. Kitu cha bure nacho kina gharama yake, nayo ni muda wa kujifunza na kumtafuta fundi anayekijua.

Swali la pili: Je, kazi yangu itapita juu ya reli hii? Hapa Windows inaongoza. Programu nyingi za ofisi, za hesabu za biashara na vifaa kama printa vimetengenezwa kwanza kwa Windows. Macintosh inapendwa sana na watu wa picha, muziki na uchapaji. Linux ina programu za kutosha kwa barua, hesabu, masomo na intaneti, lakini programu fulani ya ofisi yako yaweza kukosekana. Kabla ya kubadili, uliza kwanza.

Swali la tatu: Usalama wake ukoje? Kuna programu za uharibifu ziitwazo virusi, ambazo huingia kwa siri, nyingi zikibebwa na flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Windows imesumbuliwa zaidi. Sababu moja ni wingi wake, maana mwizi huenda penye watu wengi. Sababu nyingine ni desturi ya zamani ya kumpa kila mtumiaji madaraka yote juu ya mashine. Nakala za wizi ambazo hazipati marekebisho nazo zimezidisha ugonjwa. Linux na Macintosh, zenye asili ya Unix, zina desturi ya kutomwachia mtumiaji wa kawaida kugusa sehemu za ndani. Hata hivyo hakuna mfumo usioweza kuugua.

Swali la nne: Nani mwenye kuamua maisha yake? Hili ndilo zito kuliko yote. Tulitazame peke yake.

MFUMO NAO HUSTAAFU

Mfumo endeshi unahitaji marekebisho kila mara, kwa sababu wezi hutafuta matundu mapya kila siku. Mwenye mfumo akiacha kuziba matundu, mashine hubaki kama ghala lenye ukuta uliobomoka. Inafanya kazi, lakini haina salama.

Windows XP ilitolewa mwaka 2001 na ikapendwa mno. Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia. Windows 7 ilifuata tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ikabaki nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha. Kuna Windows 11, iliyotoka mwaka 2021. Lakini Windows 11 inataka kifaa maalumu cha usalama na mashine ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au karibu na hapo hazikubaliwi, hata kama ni nzima. Apple nayo huacha kuzihudumia mashine zake za zamani baada ya miaka kadhaa.

Sasa fikirini juu ya shule au kikundi kilichonunua kompyuta kumi za mtumba. Mashine ni nzima. Wanafunzi wanazitumia. Siku moja waambiwa kwamba hazifai. Nani aliyeamua? Si mwalimu, si kamati, si Serikali. Ameamua mwenye mfumo, aliye mbali. Kikundi hicho kina njia nne. Waweza kununua mashine mpya. Waweza kulipia huduma ya nyongeza, kama inapatikana. Waweza kuzitumia bila kuziunganisha na intaneti, huku wakichunga flashi. Au waweza kuweka Linux, maana yako matoleo mepesi yanayokubali mashine za zamani. Njia hii ya mwisho huwafaa wengi wenye fedha kidogo, kwa sharti moja: awepo angalau mtu mmoja karibu aliyejifunza, na asiwe mmoja tu, kwa kuwa akihama, elimu huhama naye.

Tena Linux si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Simu nyingi za kugusa zilizo mifukoni mwetu zinatumia Android, na kiini cha Android ni Linux. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye walipewa walimu, vimewazoesha watu wengi kifaa ambacho si Windows wala Macintosh. Mtu aliyeweza kujifunza hicho hashindwi kujifunza mfumo mwingine katika kompyuta.

MWISHO WA SOMO

Ndugu wanakisomo, tumeona kwamba nchi yetu ilipita nyakati mbili. Mwaka 1974 tulifunga mlango, tukisema kitu hiki ni ghali na si chetu. Katika miaka ya 1990 tukaufungua, tukapokea kilichoingia bila kukilinganisha na kingine. Sasa tuko katika wakati wa tatu. Tumekwisha kuona reli zaidi ya moja, na twaweza kuuliza kabla ya kupanda.

Maswali yale ya mwaka 1974 hayakupitwa na wakati: nani atalipa, nani atatengeneza, nani atafaidika? Kijiji kikitaka kununua kompyuta, au kamati ya shule ikiletewa zawadi ya mashine, mtu mzima aliyesoma somo hili asikae kimya kwa kudhani kwamba mambo hayo ni ya vijana. Ainue mkono aulize: Mfumo wake ni upi? Utahudumiwa mpaka mwaka gani? Nani hapa kwetu anaujua? Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Kiongozi wa kikundi, wasomee wenzako maswali haya moja moja. Kila mtu apewe nafasi ya kusema, akina mama na akina baba.

1. Eleza kwa maneno yako kazi ya mfumo endeshi. Tumia mfano wa gulio au mfano mwingine wa kwenu.
2. Kwa nini Serikali ilizuia kompyuta mwaka 1974? Taja faida moja na hasara moja ya uamuzi huo.
3. Kwa nini Windows ilienea kwetu kuliko Macintosh na Linux? Toa sababu mbili.
4. Kuna tofauti gani kati ya njia ya Kilinux na njia ya Microsoft katika kuleta Kiswahili?
5. Kikundi chenu kimepewa kompyuta tano za zamani zenye Windows 10. Mtafanya nini? Zungumzeni mpaka mkubaliane, kisha katibu aandike uamuzi wenu na sababu zake katika mistari mitano.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma historia ya simu. Someni tena somo hili nyumbani, na mwenye kujua kusoma amsaidie jirani yake. Kwaherini.